Barua ya rufaa na anachojua daktari bingwa

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba daktari akishakuandikia rufaa, daktari bingwa tayari anazo habari zako zote. Mara nyingi hana. Anachokijua ni kilichoandikwa kwenye barua uliyobeba. Faili lako limebaki kule kwenye kliniki yako ya mtaani, Likoni au Kisauni.

Basi isome barua kabla hujatoka. Je, imetaja sababu ya rufaa, dawa unazotumia na dozi zake, mzio, majibu ya maabara? "Presha, aangaliwe" haitoshi kabisa, omba iongezwe. Picha za eksirei beba mwenyewe.

Ukimaliza kwa bingwa, omba maandishi ya kumrudishia daktari wako. Bila hayo ndipo hatari ilipo: bingwa amebadilisha dawa, daktari wako anaendelea kuandika ile ya zamani.