Kujaribu baiskeli ya mbio kabla ya kununua: yanayosemwa na ukweli wake

Nikimsindikiza mtu kujaribu baiskeli yake ya kwanza ya mbio, huwa namwomba asiipande kwanza. Baiskeli aliyoletewa imepangwa kwa miguu ya mtu mwingine: siti iko chini mno au juu mno, na tairi hazijaguswa na pampu kwa wiki nzima. Akiipanda hivyo hivyo, atashuka baada ya dakika tano na kusema "hii nzito" au "hii inanifaa", na kumbe anazungumzia siti na upepo tu. Baiskeli yenyewe bado hajaijua. Mambo yanayorekebishwa kwa spana na pampu huwakatisha watu tamaa, huku yale yasiyorekebishika, hasa urefu wa fremu, yakipita bila kuulizwa.

Dhana: "Simama juu ya fremu, ikikuachia nafasi ya vidole viwili, saizi ni yako"

Kanuni hii ilikuwa na maana enzi ambazo bomba la juu la fremu lililala sambamba na ardhi. Katika miaka ya 1990 mbunifu Mwingereza Mike Burrows aliichorea kampuni ya Giant fremu ya TCR, ambayo bomba lake la juu linateremka kuelekea kwenye siti, na mtindo huo ukaenea. Siku hizi unaweza kusimama juu ya fremu kwa raha kabisa, kisha ukikaa ukajikuta umenyooshwa kama nguo kwenye kamba.

Namba iliyobandikwa kwenye fremu nayo usiitegemee sana. Zamani 54 ilikuwa urefu wa bomba la siti kwa sentimita. Leo kila kiwanda kina hesabu yake, na 54 ya huyu inaweza kulingana na 56 ya yule. Vipimo vinavyolinganishika ni viwili, na huandikwa kwa milimita kwenye jedwali la vipimo vya fremu. Cha kwanza ni kimo (stack): kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile inayopita chini ya fremu na kushika mikono ya pedali, kwenda juu hadi usawa wa mdomo wa bomba la usukani. Cha pili ni mfiko (reach): umbali wa mlalo kutoka ekseli hiyo hiyo kwenda mbele hadi hapo. Mfiko ukizidi kwa milimita 10 tu, mgongo na mabega huweza kuhisi. Shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, unaweza kuibadilisha ukaweka fupi au ndefu kidogo, lakini ukiona unahitaji iliyo fupi kwa zaidi ya milimita 20, mimi ningeiacha fremu hiyo.

Dhana: "Mzunguko mmoja mbele ya duka unatosha"

Dakika kumi za mwanzo ni za mshangao tu. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume unaonekana mwepesi kupita kiasi, gurudumu la mbele linafuata kila wazo lako, na kichwa kinashughulika na kutoanguka. Mikono, shingo na kiuno huanza kusema baadaye, mara nyingi ukishapita dakika ya ishirini. Omba nusu saa. Wauzaji wengi wanaojali hukubali ukiacha kitambulisho, na anayekataa kabisa, kwangu mimi, amejibu swali jingine ambalo sijamuuliza.

Kabla ya kuondoka, panga siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: goti linapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaoutaka. Mtu akikutazama kwa nyuma asione nyonga zikiyumba huku na huku. Halafu shika breki moja moja baiskeli ikiwa imesimama. Uingereza breki ya mbele huwa upande wa kulia, Marekani huwa kushoto, na kuligundua hilo ukiwa kwenye mteremko ni hatari. Kama hujawahi kutumia pedali za kunasa kiatu, omba za kawaida. Kujifunza kunasua mguu na kuikagua baiskeli kwa wakati mmoja hakuendani.

Njiani tafuta kilima, kipande cha barabara mbovu na mteremko wenye kona. Kwenye kilima badilisha gia huku ukikanyaga, usikilize kama mnyororo unaruka au unasita. Kwenye mteremko shuka na mikono kwenye sehemu ya chini ya usukani, uone kama vidole vinafika kwenye breki bila kunyooshwa kwa shida. Wenye viganja vidogo wengi hawajui kwamba vishikio vingi vya breki vina skrubu ya kuvisogeza karibu.

Dhana: "Baiskeli ya mbio lazima iumize, utazoea"

Hii inanikera, kwa sababu imewafanya watu waache kuendesha. Uchovu wa misuli ya shingo na mgongo utazoeleka kweli. Ganzi haizoeleki. Vidole viwili vya mwisho vikianza kufa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja unabanwa, mara nyingi kwa sababu uzito wako umemwagikia mikononi: siti imeinama mbele, au mfiko ni mrefu mno. Ganzi ya mapajani kwa ndani au sehemu za siri nayo ni ishara ya kusimama na kurekebisha.

Dawa inayotajwa haraka ni siti yenye sponji nene, na mara nyingi inazidisha tatizo. Mifupa ya makalio huzama ndani ya sponji, na sponji iliyobaki inapanda kubana nyama laini katikati. Upana unaolingana na mifupa yako una faida kuliko unene.

Dhana: "Kaboni ni laini, alumini inatikisa"

Kabla ya kuilaumu fremu, uliza upepo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi za milimita 28 anahitaji upepo wa takriban psi 65 hadi 75 (psi ni kipimo kinachosomeka kwenye geji ya pampu). Ukimjazia 110, hata fremu ya kaboni itamgonga kila ufa wa lami. Ukilinganisha baiskeli mbili, zijaze kwa pampu moja yenye geji. Na uliza tairi pana zaidi inayoingia kwenye fremu ni milimita ngapi, maana upepo utaubadilisha kesho, nafasi ya tairi huibadilishi tena.

Dhana: "Iliyo nyepesi ndiyo bora"

Hata kwa wanamashindano shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeweka kikomo tangu mwaka 2000: baiskeli isipungue kilo 6.8. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 80, kilo moja ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kilimani utasaidiwa zaidi na gia. Meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.1; meno 39 mbele kwa 25 nyuma, mpangilio wa zamani, ni kama mita 3.3 kwa mkanyago ule ule. Hesabu meno kabla ya kuiinua baiskeli kwa kidole.

Kidole cha mguu kikigusa tairi la mbele unapokata kona kwa mwendo wa taratibu, usishtuke. Ni kawaida kwenye fremu ndogo, na ukiwa kwenye kasi usukani haukatwi kiasi hicho.

Kabla ya kuirudisha, chukua futi ya kamba: pima kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya siti, kisha kutoka ncha ya siti hadi usukani. Andika. Baiskeli ya pili ipangwe kwa vipimo hivyo hivyo, ipite barabara ile ile, siku ile ile kama inawezekana.