Pete, grisi na kidole cha baharia

Nikimuuliza baharia mkono wake aliumiaje, wengi huona haya kunijibu. Wanadhani nangoja habari za dhoruba, na wao walibanwa na mlango. Miaka yote niliyofanya tiba ya viungo hapa Unguja, sikumbuki mkono ulioletwa kwangu kwa sababu ya wimbi kubwa. Imeletwa iliyobanwa na milango ya chuma meli ikilala upande, iliyopigwa na kamba wakati wa kufunga gati, iliyokatwa na visu vya jikoni. Ni kazi za kila siku, zile ambazo mtu huzifanya huku akizungumza na mwenzake.

Ninayoiogopa zaidi ni grisi.

Kijana mmoja wa Wete alikuwa anatia grisi kwenye beringi, chini katika chumba cha injini. Mpira wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba, grisi ikivuja. Akauziba kwa ncha ya kidole cha shahada huku mkono wa pili unaendelea kubonyeza. Alihisi kitu kama sindano. Alipotazama aliona kitundu kisichofika hata punje ya ulezi, na tone moja la damu. Akafuta kwa tambara, akamaliza zamu. Usiku kidole kikavimba, kikakaza, kikapauka. Akapewa vidonge vya maumivu. Meli ilitia nanga siku ya tatu. Alipofika kwangu, miezi baadaye, kidole kilikuwa kimebakiwa na pingili moja.

"Daktari, niliona kitu kidogo," aliniambia.

Udogo wa kitundu ndio unaodanganya. Kano zinazokunja vidole zimo ndani ya ala, kama kisu kilivyo ndani ya ala yake. Grisi inayotoka kwa nguvu hupenya ngozi, hupenya hata glavu, kisha hufuata ala hiyo mpaka kiganjani. Kidole hakina nafasi ya kujaa. Mishipa ya damu hubanwa na nyama hufa kidogo kidogo kwa ndani, wakati juu hakuna jeraha la kuonyesha. Pampu za kupulizia rangi na mipira ya mafuta ya haidroliki hufanya vivyo hivyo. Tiba yake ni kukifungua kidole kwa upasuaji na kukisafisha, na muda wake unahesabiwa kwa saa.

Kwa hiyo likikufika usiseme "nimejichoma". Mwambie ofisa mwenye sanduku la dawa kwamba grisi imeingia ndani ya kidole kwa presha, tena useme hata kama hakiumi. Nahodha ana pa kuuliza. Kituo cha CIRM kilichoko Roma kimekuwa kikitoa ushauri wa daktari kwa meli zilizo baharini, bila malipo, tangu 1935. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, kidole kisikamuliwe wala kukandwa, na safari ya kwenda kwa daktari wa upasuaji ianze kupangwa saa hiyohiyo.

Pete nayo. Sisi watu wa visiwani tunazipenda, ya fedha yenye akiki, au aliyoachiwa mtu na babu yake. Mimi mwenyewe ninayo. Lakini baharia anateremka ngazi, anaziruka hatua mbili za mwisho, pete inanasa kwenye ncha ya chuma. Mwili unakwenda chini na kidole kinabaki juu. Ngozi huvuka yote kama soksi, pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu, na mara nyingi mpasuaji hana la kufanya ila kukikata. Ivue kabla hujapanda sitahani, kama unavyovua viatu mlangoni mwa msikiti. Isiwe jambo la kufikiria kila mara.

Kidole kikikatika kabisa, kizungushie kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kisha mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, wala kisiogelee majini. Nimesimuliwa kidole kilichofikishwa hospitali kikiwa kigumu kama samaki wa friji, hakikuweza kuunganishwa.

Wapishi wa melini huwa hawahesabiwi, na visu vyao vimenipa wagonjwa wengi. Jeraha la kisu kwenye kidole linaweza kuacha kutoka damu upesi na kumbe kano imekatika. Ndani ya vidole hamna misuli; kinachovikunja ni misuli ya mkono huku juu, ikivuta kano zinazopita kwenye vipete vidogo kama kamba ipitavyo kwenye kapi. Ikikatika, upande wa juu hukimbilia nyuma, pengine mpaka kiganjani, na kila wiki inayopita kuunganisha kunazidi kuwa kugumu. Basi jipime mapema. Kunja pingili moja moja, ya ncha peke yake na ya kati peke yake. Fumba macho, mwenzako akuguse kila upande wa kidole. Pasipokunjika au pasiposikia, plasta haitoshi.

Na iandikwe. Jeraha liingie kwenye daftari la meli siku hiyohiyo, nawe ubaki na picha na nakala. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2019, unamtwisha mwenye meli gharama za matibabu. Nchi ikiweka kikomo, kisipungue wiki 16 tangu siku ya kuumia. Nimewaona wanaume wazima wakishindwa kudai chochote kwa kuwa hakuna mstari mmoja ulioandikwa.

Nyumbani kuna mitihani yake. Mama anamwona mwanawe amerudi na mkono uliovimba, anatoa mafuta ya karafuu, anamchua usiku na asubuhi. Namwelewa. Ila kano iliyoshonwa juzi hukatika kwa kuchuliwa, kwa hiyo huwaomba wazazi waje pamoja na mgonjwa nikawaonyesha kwa mkono wangu lini wachue na wapi. Kosa la upande wa pili ni kuuacha mkono umefungwa wiki sita na vidole vimenyooka kama rula. Viungo hukaza hivyohivyo. Mkono unaohitaji kufungwa, na kama daktari hakuagiza vingine, ufungwe kama ulioshika bilauri, na vidole vizima viachwe vichezeshwe kila siku. Cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka miwili. Kikiisha, atapimwa tena kama anaweza kushika kamba.

Yule kijana wa Wete nilimwanzishia kuchagua mchele, punje moja moja, kwa gumba na kidole cha kati. Kisha nikampa makumbi asokote kamba. Wiki ya kwanza aliniletea shubiri mbili, imelegea kote. Juzi ameleta pima nzima, na nilipoivuta haikufumuka.