"Ni baridi tu, ni umri tu": vitu tunavyodanganyana hapa Tabora

Mwaka juzi mwezi wa sita, kile kipindi ambacho ukiamka asubuhi unakuta watoto wamechoma majani ya mwembe wanaota moto kabla ya kwenda shule, mi usiku nilikuwa natupa blanketi chini nimelowa jasho mpaka shuka. Mume wangu akasema malaria hiyo. Jirani akasema hali ya hewa inabadilika. Mama mkubwa akaniita pembeni akaniambia mwanangu, hiyo ni damu imeanza kubaki ndani, inapanda kichwani. Nikapima malaria mara tatu ndani ya mwezi mmoja hamna kitu, afu bado nikauziwa dozi dukani na nikainywa.

Nilikuwa na miaka 51. Ilikuwa ni hedhi inakoma, basi. Aliyenifungua macho ni nesi mmoja mtu mzima, tulikuwa tunamenya viazi pamoja msibani, nikamsimulia tu kama mazungumzo, akacheka akanishika mkono akasema hiyo sio malaria mdogo wangu. Toka siku hiyo nasikiliza sana tunavyojibizana, na nimeona mtu mzima akilalamika hapa kwetu anapewa jibu moja kati ya mawili, ni baridi tu au ni umri tu. Hayo majibu yanaumiza watu ndo maana nimekaa niandike.

Nianze na hiyo ya damu maana wanawake tunaiamini sana. Damu haibaki ndani. Kinachotokea ni kwamba vifuko vya mayai vinapunguza kutengeneza homoni, mwili unaacha kuandaa ile damu ya kila mwezi, kwahiyo hakuna kitu cha kubaki wala cha kupanda kichwani. Wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55. Lile joto la ghafla na jasho la usiku ni homoni, linakuja hata Juni unatetemeka, halina uhusiano na mvua wala kiangazi. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri dada zangu: ukishakaa mwaka mzima bila kuona siku zako afu damu ikatoka tena, hata tone, usifurahi kwamba ujana umerudi. Nimemsikia mama mmoja sokoni anajisifia hivyo na roho ikaniuma. Damu ya hivyo inaweza kuwa kitu kidogo na inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi, anayejua ni aliyekupima, na saratani ikiwahiwa inatibika, ikichelewa ndo hadithi nyingine.

Tukija kwenye hali ya hewa yenyewe. Utasikia "Oktoba jua limeshuka, liko karibu na sisi". Hapana. Dunia inakuwa karibu kabisa na jua mwanzoni mwa Januari, wakati sisi tuko shambani kwenye matope na hewa imepoa. Oktoba ni kali kwa sababu Tabora tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na siku za mwanzo za Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga, mawingu hakuna, ardhi imekauka tangu Mei. Jua linarudi tena utosini mwanzoni mwa Machi lakini hapo kuna mawingu na ardhi ina maji kwahiyo hatulisikii vile. Na baridi ya Juni na Julai ni kwa sababu tuko juu, karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari, usiku anga liko wazi joto lote la mchana linapotea. Nimeeleza hili kwa sababu kuna wazee wakifika Oktoba wanakaa hivyohivyo wanasema sisikii kiu, sisi wa zamani hatukunywa maji hovyo. Ukikua, kile kihisio cha kiu kinapungua, mwili unakaukiwa na wewe husikii. Bibi akianza kuongea vitu havieleweki mwezi wa kumi msikimbilie kusema uzee umempanda kichwani, mpeni maji na mpelekeni kituo cha afya, maana hata maambukizi ya mkojo au nimonia kwa mzee yanaweza kuanza na kuchanganyikiwa bila homa kali.

Sasa baridi yabisi. Jina lenyewe ndo limetupoteza, maana ukishaita ugonjwa baridi utamvika mtu sweta ukajua umemtibu. Baba yangu alivimba viungo vya vidole akakaa miaka anapakwa mafuta na kuambiwa asiguse maji. Ugonjwa huo ni kinga ya mwili wenyewe inageuka inashambulia viungo, unaweza kumpata hata binti wa miaka 30, na kuna dawa zinazouzuia usipindishe vidole kama ukiwahi. Magoti ya wazee wengi ni kitu kingine, ile gegedu laini katikati ya mifupa imelika. Baridi inaweza kukufanya usikie kukakamaa zaidi asubuhi, hilo ni kweli watu wengi wanalisema, lakini haileti ugonjwa. Na ile ya kumwambia mzee "kaa tu baba, umefanya kazi ya kutosha" tunamuua taratibu tukidhani tunampenda. Goti linataka kutembezwa kidogokidogo, misuli ikilala mzigo wote unabaki kwenye mfupa.

Macho nitakaa hapo kidogo maana mi ni fundi cherehani, nashona barazani na mvua zikianza naenda shamba kama kila mtu. Nilipofika 44 nikaanza kuita watoto wa jirani wanitungie uzi kwenye sindano. Wateja wakanionya, usivae miwani, ukivaa macho yatazoea yaharibike kabisa. Nikateseka miaka miwili nakosea mishono, nimepoteza wateja wa sare za shule kwa ajili ya uwoga huo. Ukweli ni kwamba kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho inakakamaa, haijikunji vizuri kuona karibu, inampata kila mtu na miwani haiongezi wala haipunguzi hiyo hali, inakusaidia tu ufanye kazi yako.

Mtoto wa jicho nao, hapa kwetu dawa yake kila mtu anakutajia asali ya nyuki wadogo. Mi naipenda asali ya Tabora kuliko mtu yeyote, mjomba wangu ana mizinga porini huko Sikonge, lakini asali haisafishi ule ukungu. Ukungu uko ndani ya lenzi, hauko juu kwamba utauosha, na ukidondoshea jicho kitu ambacho hakijasafishwa kitaalamu unaweza kuingiza wadudu ukaongeza tatizo. Dawa yake ni upasuaji, lenzi iliyochafuka inatolewa inawekwa ya bandia, mara nyingi unapigwa ganzi tu na kazi haichukui hata saa. Ila msichanganye na presha ya macho, hiyo uoni ukipotea haurudi, kwahiyo mtu akisema naona pembeni giza asisubiri mavuno.

Afu kuna macho mekundu. Hii siwezi kuandika kwa upole. Mikoa yetu hii na kanda ya ziwa imezika bibi wengi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu wakaitwa wachawi. Macho mekundu ya bibi ni miaka 50 ya kupuliza moto wa kuni na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ni vumbi la kiangazi. Ni vikope, ugonjwa unaoambukiza ambao unageuza kope zinachoma jicho kila akipepesa. Kila sababu hapo inatibika au inazuilika. Aliyewapikia watoto wa ukoo mzima maisha yake yote, yale macho ndo malipo aliyopata, afu tunamwogopa kwa hayohayo. Kama una mama nyumbani, kabla ya kumnunulia kitenge mtobolee dirisha jikoni.

Novemba embe zikianza kushuka sokoni na mji wetu ulivyojaa miembe, utasikia embe zinaleta malaria, au umenyeshewa ndo maana umeumwa. Nadhani inatoka hapo kwamba vyote vinakuja pamoja, embe, mvua na homa. Mvua inaacha madimbwi, mbu anazaliana, anakung'ata, na toka akung'ate mpaka uumwe zinapita siku saba au zaidi, mara nyingi kumi mpaka kumi na tano. Kwahiyo mvua iliyokunyeshea jana haiwezi kuwa ndo malaria ya leo. Daktari mmoja Mwingereza, Ronald Ross, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu tangu 1897, na mwembe hakuukuta humo. Kula embe, osha tu, lala kwenye neti, na homa ikija toboa kidole upimwe kabla ya kunywa dozi, mi nimeshajifunza kwa mwili wangu.

Kwa wenzangu tuliokulia kwenye tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, mnakumbuka mvua za Januari na Februari tunavuna majani yamelowa, jioni mtu anatapika, kichwa kinazunguka, tunaambiwa mvivu huyo, au ni uchovu. Ilikuwa sumu. Nikotini ya kwenye jani inayeyuka kwenye umande na maji ya mvua, inapita kwenye ngozi inaingia mwilini bila hata kuvuta. Mtoto na mtu mwembamba anazidiwa haraka zaidi. Subiri umande ukauke, vaa koti la nailoni na glavu, ukilowa badilisha nguo na uoge. Na mzee akitapika shambani msiseme nguvu zimemwisha, mtoeni kwenye majani kwanza.

Presha ya damu kwa kifupi tu: haisikiki. Mtu ana 180 na anacheza ngoma harusini. "Nitajua ikipanda" sio kipimo, na dawa usiziache eti kwa sababu unajisikia vizuri, presha imeshuka kwa sababu unazinywa.

Yule mama mkubwa wa damu kupanda kichwani ndo nilimpeleka mwenyewe jicho la kulia likafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa nane. Alikataa wiki tatu, akasema miaka 70 macho ya nini. Siku bandeji imetolewa alinitazama muda mrefu, akaniambia kumbe umezeeka na wewe. La kushoto tumepangiwa tarehe. Anataka liwahi kabla mvua hazijashika, amesema mwaka huu uyoga anaenda kuchagua mwenyewe porini, amechoka kuuliza wajukuu huu ni wa kula au sio wa kula.