Dereva Aliyemeza Vidonge Viwili Ili Apite

Saa tatu asubuhi nilimwita dereva mmoja wa trela aliyekuwa kwenye benchi la zahanati yetu mjini Tororo tangu saa moja, akiwa na fomu ya mwajiri ya kupimwa afya mkononi, naye hakuinuka. Shati lake lilikuwa limelowa jasho ilhali kulikuwa na kibaridi, na alipojaribu kuandika jina lake herufi zilipandana. Mashine ya kupima sukari kwa damu ya kidole ilisoma 2.7, yaani chini mno. Tulimpa nusu chupa ya soda, na baada ya robo saa ikasoma 4.6, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, nilimeza viwili ili nipite."

Vilikuwa vidonge vya glibenklamidi, dawa ya kisukari, na hakuwa amekula tangu jioni. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, tofauti na metformini, dawa nyingine ya kisukari, ambayo ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijamuuliza dereva kama ana kisukari, swali ambalo hulijibu kwa kukana, humwomba anionyeshe dawa alizo nazo kwenye gari.

Tatizo jingine liko kwenye vipimo vyenyewe. Figo huanza kuachia sukari iingie kwenye mkojo pale kiwango katika damu kinapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, ilhali kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0 kwa mtu aliyefunga, kipimo ambacho hurudiwa siku nyingine ikiwa hana dalili. Kwa hiyo mwenye 8 au 9 anaweza kupita kwenye kijiti cha mkojo miaka mingi. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, ambacho kwacho kisukari huanzia asilimia 6.5, huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na vidonge vya usiku mmoja havikidanganyi. Lakini upungufu wa damu na selimundu, ambayo si ngeni hapa Uganda, vinaweza kukipotosha, hivyo sikisomi peke yake. (Na mikono ioshwe kwanza: nimewahi kupata 14 kwa kijana ambaye kosa lake lilikuwa kumenya embe.)

Nchini Uingereza, dereva wa lori anayetumia insulini hutakiwa kupima ndani ya saa mbili kabla ya kuendesha, na nchini Marekani, tangu mwaka 2018, dereva wa aina hiyo anaweza kupewa cheti akileta kumbukumbu za vipimo vya miezi mitatu. Napendelea utaratibu huo, kwa sababu anayeandika namba zake anapata faida kuliko anayezificha.

Njiani mambo huharibikia kwenye foleni. Mtu humeza kidonge akitumaini kula akishavuka mpaka wa Kenya pale Malaba, kisha malori yakakwama hadi usiku. Nawaambia wanaotumia vidonge vya namna hiyo wavimeze chakula kikiwa tayari mbele yao, si kabla. Sukari ikiwa chini ya 5 wale kwanza. Ikiwa chini ya 4 wazime injini, wanywe soda yenye sukari ya kweli, kisha wangoje dakika 45 baada ya kipimo kurudi sawa, kwa kuwa akili huchelewa kurejea kuliko namba. Utingo naye ajue dalili, maana dereva mwenyewe mara nyingi huwa wa mwisho kuzitambua. Insulini isiachwe kwenye dashibodi juani.

Yule dereva sikumsainia siku ile. Tulimbadilishia dawa, akarudi baada ya miezi mitatu na daftari la kurasa zilizokunjamana, lenye doa la chai na tarehe mbili zisizo na namba. Zilikuwa siku alizolala foleni Malaba, na ndizo nilizoanza kumuuliza.