Boksi la Nirvana na sauti iliyobaki kwenye kaseti

Kazi yangu ni kutoa sauti kwenye kanda kuukuu na kuihifadhi kwenye kompyuta. Karakana iko Mji wa Kale, Mombasa, na nyingi ya kaseti ninazoletewa ni za taarab ya harusini: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, na waimbaji wengine ambao lebo zao zimefutika kwa jasho la mikono. Lakini wako pia vijana wa rock, wa Tudor na Nyali, na hao huniuliza swali moja kuhusu With the Lights Out, boksi la Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, lililotoka Novemba 2004: mbona nyimbo zake nyingi zina sauti mbovu, na bado watu wanaling'ang'ania?

Kwa sababu hiyo sauti mbovu ndiyo mali yenyewe. Albamu safi za Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi hiyo, kila mtu anazo. Boksi hili, diski tatu za CD na DVD moja, limekusanya yale ambayo hayakukusudiwa kutoka nje: mazoezi, majaribio ya studio, na nyimbo alizojirekodia mwenyewe nyumbani na gitaa lake. Linaanza na bendi ikipiga wimbo wa Led Zeppelin kwenye sherehe ya nyumbani mwaka 1987 huko Raymond, jimbo la Washington. Unasikia watu wakipiga kelele, na vijana ambao bado hawajijui wao ni nani.

Nitaeleza kwa wimbo mmoja, maana ndio unaojulikana hadi na madereva wa matatu. Mwaka 1991, kabla ya kuingia studio kurekodi albamu ya Nevermind, bendi ilijirekodi mazoezini kwa redio kaseti, mojawapo ya zile zenye maikrofoni ndani yake, ikampelekea prodyusa Butch Vig ile kaseti. Humo mna Smells Like Teen Spirit. Maneno hayajakaa sawa, na sauti imepasuka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa, redio kaseti za aina hiyo kwa kawaida huwa na sakiti inayojipangia sauti yenyewe: pakiwa kimya inapandisha, kukiwa na kishindo inabana. Mpe Dave Grohl, mpigaji dramu wao, dramu mbele ya mashine kama hiyo uone. Kila anapopiga, gitaa na mwimbaji wanasukumwa nyuma, halafu wanarudi mbio. Wazee wenye kaseti za harusi wanaijua hali hii: dumbak likilia, kinanda kinazama.

Halafu weka Nevermind yenyewe. Sehemu nyingi sauti ya Cobain imerekodiwa mara mbili na kulazwa moja juu ya nyingine ili ijae. Hakupenda jambo hilo. Vig alimlainisha kwa kumwambia kwamba hata John Lennon alifanya hivyo. Kwenye kaseti hakuna wa kumlainisha mtu: ni koo moja na chumba kimoja. Anayetaka kujua mtu huyu aliimbaje, mimi humwambia aanzie hapo.

Ugumu uko kwenye kuitoa sauti hiyo bila kuiua. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita nne, na unapita mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kanda za studio hukimbia sentimita 38 au 76. Kwa hiyo kila kosa dogo la mashine linasikika. Kubwa kuliko yote ni pembe ya hedi. Pembeni ya hedi pana skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi chini yake. Redio iliyorekodi kaseti yako huenda hedi yake ilikuwa imeinama nywele moja tu, na ukiicheza kwenye deki nzuri iliyonyooka, herufi "s" zinapotea na matoazi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi. Mimi hushika bisibisi, nikaizungusha skrubu polepole huku nikisikiliza, mpaka "s" zirudi. Kaseti inayofuata, naanza upya. Wengi wanaoweka kaseti za taarab mtandaoni hawafanyi hivi, kisha wanailaumu kanda.

Baada ya hapo ndipo panapokuja kishawishi cha kusafisha. Programu za leo zinaweza kuondoa ule mvumo wa "shhh" wote, lakini ukizidisha unaondoka na pumzi za mwimbaji. Diski ya tatu ina nyimbo alizorekodi peke yake mwaka 1994, mwaka aliofariki, Do Re Mi ikiwa mojawapo. Gitaa, sauti nyembamba ya juu, na mvumo. Wameuacha, na nawashukuru.

Ganda la boksi nalo lina vituko. Limepakwa rangi inayoitika joto. Ukiligusa, picha za kanda za ghala la bendi zinajitokeza. Aliyebuni jambo hilo alikuwa anafikiria nyumba za baridi. Hapa Mombasa mwezi wa Februari halingoji kuguswa na mtu.

Cobain alifariki 5 Aprili 1994, na boksi likatoka miaka kumi baadaye. Halikuchelewa kwa sababu ya ufundi. Lilitarajiwa mapema zaidi, Nevermind ilipotimiza miaka kumi, lakini mjane wake, Courtney Love, alivutana mahakamani na Grohl na mpigaji besi Krist Novoselic juu ya nani mwenye kauli kwenye kazi za bendi. Kiini cha mvutano kilikuwa wimbo mmoja, You Know You're Right, uliorekodiwa Januari 1994. Walipopatana mwaka 2002 ulitolewa kwenye mkusanyiko mwingine, na boksi likapata toleo la Cobain peke yake na gitaa. Bhalo alitutoka mwaka 2014 na boksi lake hatujaliona, ingawa kanda zimejaa kwenye makabati ya watu. Nani atatia saini ya ruhusa? Familia, wapigaji, duka lililorekodi, au mwenye harusi aliyelipia usiku ule? Kila ninapolitaja jambo hili barazani, watu hugawanyika kabla kahawa haijapoa.

Kwa wanaoniuliza wanunue lipi: mwaka 2005 ilitoka CD moja ya mchujo, iitwayo Sliver. Ni biashara ya kuudhi, maana wameweka humo nyimbo tatu ambazo kwenye boksi hazimo, na mojawapo ni Spank Thru ya mwaka 1985, ya Fecal Matter, kikundi cha Cobain kabla ya Nirvana. Hiyo ndiyo iliyofaa kulifungua boksi. Nunua boksi, na Spank Thru uiazime kwa mwenzio.