Kwa nini tairi lenye upepo mdogo ndilo hupasuka?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tairi hupasuka kwa kujazwa upepo kupita kiasi. Siku moja ya jua kali, kati ya Morogoro na Dodoma, niligusa tairi la mbele nikalikuta la moto, mkono haukai. Nikafungua kifuniko cha valvu, nikabonyeza, upepo ukatoka psssss, nikaendelea na safari nikiamini nimewaokoa niliowabeba. Kumbe nilikuwa nimewaongezea hatari.

Madereva wengi bado hufanya hivyo, na hoja yao ina msingi: hewa ikipata joto, presha hupanda. Tairi lililojazwa 32 psi (kipimo cha presha ya upepo) asubuhi kwenye nyuzi 30, hewa yake ikifika nyuzi 60 litasoma 36 hivi. Lakini watengenezaji wameshaipigia hesabu nyongeza hiyo. Ile 32 ni ya tairi lililopoa. Ukilishusha hadi 32 likiwa la moto, kesho asubuhi utalikuta na 28.

Sasa, joto lenyewe linatoka wapi? Lami ya moto huchangia, ila kuna kubwa zaidi. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua haraka haraka, kisha gusa pale ulipokunjika. Pana moto. Ukiendelea, unakatika. Ubavu wa tairi nao ndivyo: sehemu iliyo chini hubonyea, ikipanda hunyooka. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa kila sehemu hukunjwa mara 11 kwa sekunde. Kwa saa nzima, mara 40,000. Upepo ukipungua, mkunjo unakuwa mkubwa. Aliyewahi kuendesha baiskeli isiyo na upepo anajua inavyochosha: nguvu za miguu zinaishia kwenye kukunja mpira, na mpira unazigeuza kuwa joto. Kwenye gari, joto hilo likizidi, mpira huachana na nyuzi za chuma zilizo ndani yake, tairi likapasuka.

Agosti 2000, kampuni ya matairi ya Firestone ilitangaza kuita yarudishwe matairi yapata milioni 6.5 nchini Marekani kwa kuwa yalikuwa yakipasuka, mengi yakiwa ya Ford Explorer, gari ambalo Ford ilishauri lijazwe 26 psi. Firestone ililaumu presha hiyo ndogo, Ford ikalaumu tairi lenyewe, kwa hiyo kisa hiki peke yake hakimalizi ubishi.

Kuzidisha nako si salama: tairi hulika katikati na kushika barabara vibaya.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na kibandiko cha mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani. Tafuta namba tu, iliyo kwa kPa, kipimo kingine cha presha: kwa mfano, 220 kPa ni sawa na 32 psi. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo, usijazie hiyo. Pima asubuhi kabla hujaondoka. Fundi wa pancha atakuuliza, "Nikuwekee ngapi?" Jibu ni lako, maana yeye hajui utapakia nini wala unaenda wapi.