Ganzi ya kupaka mdomoni: yanayoaminiwa na yalivyo

"Ni ya kupaka tu, haiingii mwilini."

Hii ndiyo dhana inayoumiza wengi, basi tuanze nayo. Ndani ya shavu na chini ya ulimi ngozi ni nyembamba, ina unyevu muda wote na imejaa mishipa midogo ya damu. Jeli au dawa nyingine ya ganzi ikitua hapo, sehemu yake huingia kwenye damu na nyingine humezwa pamoja na mate. Penye kidonda huingia zaidi.

Chukua ganzi iitwayo lidokaini, ile nzito ya asilimia 2, ambayo wengi wanaijua kwa jina la lignokaini. Ni dawa ile ile. Asilimia 2 maana yake kila mililita 1 ina miligramu 20, hivyo kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina miligramu 100. Kikomo cha dawa hii ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 8 kikomo chake ni miligramu 36, ambazo hazifikishi hata mililita 2. Kijiko kimoja tu kimeshavuka kikomo hicho karibu mara tatu. Ikizidi kwenye damu, mtu mzima husikia masikio yakivuma, kizunguzungu, ulimi mzito. Kisha misuli hurukaruka, degedege hufuata na moyo huvurugika. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba masikio yanavuma. Dalili ya kwanza mama anayoiona inaweza kuwa degedege lenyewe.

"Mtoto anaota meno, mpake kidogo atulie."

Usimpake. Mwaka 2014, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza onyo lake kali kabisa liwekwe kwenye lidokaini nzito: isitumike kwa maumivu ya kuota meno. Mwaka 2018 ikawataka watengenezaji waache kuuza benzokaini, ganzi nyingine ya mdomoni, kwa watoto wa chini ya miaka 2. Benzokaini ina hatari yake ya pekee: huweza kuigeuza hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ikawa methemoglobini, ambayo haibebi oksijeni. Damu hugeuka rangi ya chokoleti, mtoto anahema haraka na kulegea. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitazame uso. Funua mdomo wa chini uangalie ufizi, kisha kucha na viganja. Vikiwa vya kijivu au buluu, kimbia hospitali na uichukue tyubu. Hali hii huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2, na kutompata mara zilizopita si kinga. Kama anajulikana kuwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, sema mapema mapokezini, kwa sababu dawa inayotumika kutibu, methilini buluu, inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu.

Tena jeli yenyewe haikai. Udenda unaiosha baada ya dakika chache, mtoto analia, anapakwa tena, na hapo hesabu inapotea. Sugua ufizi kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune ukiwa unamwangalia. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, au kuhara, usisingizie meno, mpeleke akapimwe. Na yale yanayoitwa "meno ya plastiki" ni chonge za utotoni ambazo hazijatoboa ufizi. Kuyachokoa ni kumjeruhi mtoto na kumletea maambukizi.

"Jeli zote ni moja."

Soma maandishi madogo nyuma ya tyubu, si jina kubwa la mbele. Nyingine hazina ganzi ya aina hii kabisa, zina kolini salisilati, ndugu wa aspirini. Uingereza tangu 2009 hairuhusu jeli hizo kwa walio chini ya miaka 16, kwa kuhofia ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Mwenye meno ya bandia akiipaka asubiri dakika 30 kabla ya kuyarudisha.

"Jino likiuma, jaza jeli kwenye tundu."

Ganzi ya kupaka hutuliza ufizi na vidonda vya juu juu. Mshipa wa fahamu unaouma umo ndani ya jino, na jeli haifiki huko vya kutosha. Kusaga aspirini na kuibandika pembeni ni kosa baya zaidi: asidi yake inaunguza ufizi, ukaamka na ngozi nyeupe inayobanduka na maumivu mawili badala ya moja. Mafuta ya karafuu kweli yana ganzi, lakini yakipakwa matupu yanaunguza vilevile, na mtoto akiyanywa ni sumu.

"Nikipaka nyingi ndiyo itakaa zaidi."

Mate ndiyo adui, si uchache wa dawa. Kwa mtu mzima mwenye kidonda: nawa mikono, kausha pale panapouma kwa pamba safi au kitambaa, bandika jeli kiasi cha punje ya dengu kwa ncha ya kijiti cha pamba, acha mdomo wazi kwa muda mfupi, kisha tema mate yanayojaa. Benzokaini isizidi mara 4 kwa siku, wala siku 7 mfululizo. Lidokaini nzito fuata kipimo ulichoandikiwa, na usirudie kabla ya saa 3. Usile wala kunywa chai kwa saa 1: koo lililokufa ganzi hupaliwa kirahisi, na shavu lisilohisi hutafunwa au huunguzwa bila mwenyewe kujua.

Kidonda kilichopita wiki 3 bila kupona hakihitaji jeli, kinahitaji macho ya daktari wa meno, kwa sababu saratani ya mdomo inaweza kuanza hivyo. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, mdomo ukakataa kufunguka au mate yakashindwa kumezeka, usingoje asubuhi. Usaha ukienea huko unaweza kuziba njia ya hewa.